Hema Namba Tatu

Watu wa mjini wana midomo, lakini kwa Mama Turubai midomo yao ilishika adabu. Mwanamke yule alikuwa ameshona mahema miaka thelathini na mbili, katika duka lenye mlango mmoja kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika kuwa hema limevuja. Hata mmoja! Fundi wa nguo akikosea, suruali inabana, mwenyewe anavuta tumbo ndani, yameisha. Fundi wa hema akikosea, mtu analowa usingizini, na matusi atakayoyatoa hapo hayaandikiki.

Kazi aliirithi kwa baba yake, mzee mkali aliyemfundisha kushika sindano huku amemkazia macho, na aliyemwachia neno moja tu la urithi: "Hema halisifiwi kwa macho, linasifiwa kwa usingizi." Kila hema alilolimaliza, Mama Turubai alilitia alama ndani, kwenye kona nyuma ya zipu: mishono mitatu ya uzi mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Ila kuna jambo ambalo hakupenda lisemwe mbele za watu. Yeye mwenyewe hakuwahi kulala ndani ya hema, hata usiku mmoja. Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na aliyetaka ushahidi angetazama tu ndevu za yule jirani yake.

Basi, Jumatatu moja simu ikalia dukani. Binti yake, anayeshona kwenye cherehani ya pili, akaipokea, akasikiliza, kisha akamkabidhi mama yake ile simu kwa ncha za vidole kama sahani ya moto. Aliyepiga alikuwa mwenye kambi moja ndogo ya watalii huko porini. Mahema sita, yote kazi ya mikono ya Mama Turubai.

"Mama fundi, hema namba tatu linavuja."

"Haliwezi."

"Limevuja mara tatu. Wageni wamelala chini ya miavuli. Hapa mezani nina kitabu cha mahema ya kiwandani, ya ng'ambo, yana picha za rangi. Jumamosi asubuhi gari la mboga linakuja huko mjini, na barua yangu ya kuagiza mahema sita mapya itakuwa ndani yake. Ukitaka kujitetea, njoo ujionee kabla ya hapo."

Mama Turubai alikaa chini. Wateja wake wengine walishahamia kwa wenye viwanda, mmoja leo, mwingine kesho. Kambi hii ndiyo iliyobaki. Nayo ikiondoka, cherehani kubwa ya turubai itawekewa vyungu vya maua, na jina la marehemu baba yake litakuwa limevuja hadharani.

"Niletee mfuko wangu wa kazi," alimwambia bintiye. "Tia na donge la nta. Naenda kulala porini."

"Mama, huko kuna simba!"

"Akija nitampima mabega."

Gari la kambi lilimchukua Jumatano alfajiri. Aliketi mbele na trei mbili za mayai magotini, na dereva akaendesha polepole sana, kwa heshima ya mayai, kama alivyomweleza wazi wazi. Lami ikaisha, barabara ya changarawe nayo ikaisha, zikabaki nyayo za magurudumu kwenye nyasi. Hapo ndipo wanyama walipoanza. Watu wengine wakiona pundamilia husifu uumbaji. Mama Turubai aliona kazi ya fundi.

"Simama, simama! Tazama mistari inavyokutana pale tumboni. Huyo aliyemshona alipanga kitambaa kwanza, ndipo akakata."

Mbele kidogo wakamkuta tembo.

"Huyu sasa," alisema akitikisa kichwa, "huyu ameshonwa Ijumaa jioni, watu wanataka kwenda nyumbani. Angalia magoti! Kitambaa kimezidi, kimelegea. Na mkiani uzi uliwaishia."

Dereva alicheka mpaka gari likatumbukia shimoni, na mayai manne yakaenda na maji. "Nitasema ni tembo," alisema dereva, akijifuta machozi.

Kambi yenyewe ilikuwa mahema sita tu, yamepangwa chini ya miti ya miiba kando ya kidimbwi, na meza moja ndefu ambayo kila mtu alikula hapo hapo, mgeni na mwenyeji. Mpishi alioka mikate kwenye sanduku la bati lililofukiwa makaa chini na juu. Mbele ya hema namba tatu, ngiri mmoja na wanawe wanne walikuwa wamepiga magoti kwenye nyasi.

"Wanasali?" aliuliza Mama Turubai.

"Wanakula, mama. Ndivyo wanavyokula. Shikamoo."

Aliyesema hivyo alikuwa mhudumu wa mahema, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Huyu ndiye aliyetandika vitanda, akaleta chai ya alfajiri, akapandisha maji ya kuogea. Kambi nzima ilimwita Nadhifu, na ndivyo alivyojitambulisha.

"Marahaba, baba. Kwa shati hilo, sikuulizi kwa nini wanakuita hivyo."

Mwenye kambi naye akaja, mrefu, na masharubu kama ufagio. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu, na mpaka leo alizungumza kama mtu anayeandika ubaoni. "Hema hili hapa. Utalala humu humu. Likivuja, litakuvujia wewe."

Mama Turubai aliingia, akaitafuta ile mishono mitatu myekundu, akaikuta mahali pake. Kisha akapitisha kidole juu ya kila mshono, kuanzia mlangoni, dari yote, kona zote, mpaka sakafuni. Saa mbili nzima! Hakuna uzi uliokatika. Hakuna tundu. Hapo ndipo akapata wasiwasi wa kweli, maana kosa linaloonekana lina dawa, lakini hili angeliponya vipi? Usiku huo alilala macho wazi akitazama dari, amechoka, na hakuna hata tone lililoanguka la kumpa jibu.

"Hodi, mama! Chai!"

Alhamisi ilianza hivyo, na jamani, kuna asubuhi zinazomsahaulisha mtu shida zake. Chai ilikuwa ya moto, mkate umetoka kwenye makaa sasa hivi, na jua lilikuwa linachungulia nyuma ya miti. Bafu lilikuwa uzio wa mabua usio na paa, na juu yake ndoo ya turubai imening'inizwa kwenye tawi. Nadhifu alisimama mbali, amegeuza mgongo, ameshika kamba.

"Tayari, mama?"

"Tayari!"

Maji ya moto yakamshukia. Akafumba macho, akaanza kuimba, na alipofumbua akakuta kichwa cha twiga juu ya uzio, kinatafuna na kumtazama bila haraka yoyote.

"We twiga, huna haya? Kwenu hakuna wakubwa?"

Nadhifu alicheka huko alikokuwa mpaka kamba ikamponyoka, ndoo ikamwagika yote kwa mkupuo, na Mama Turubai, bibi wa wajukuu watano, akapiga ukelele wa furaha uliorusha ndege kidimbwini. Alitoka bafuni amekuwa mpya. Akajisemea, kumbe haya ndiyo mambo niliyokuwa nikiwashonea watu miaka yote hii, na mimi nimekaa na kinyozi!

Baada ya chakula cha mchana, mawingu yakajikusanya. Mama Turubai akaingia hemani, akakaa kitandani, mikono mapajani, kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Mvua ikaja kwa kishindo. Dakika ya kwanza, pakavu. Ya tano, pakavu. Kisha turubai juu ya kitanda likageuka rangi, likaanza kutoa jasho, na tone moja nono likamdondokea puani.

Halikutoka kwenye mshono! Lilitoka katikati ya kitambaa, mahali ambapo sindano yake haikuwahi kufika. Alitoka mbio miguu mitupu hadi nje. Kwenye hema namba mbili maji yalikuwa yanateleza na kwenda zake. Namba nne vile vile. Lakini namba tatu lilikuwa linafura povu. Povu jeupe, linashuka pande zote hadi kwenye vigingi, utadhani sufuria ya maziwa imeachwa jikoni. Alilichota kwa kidole, akaonja. Sabuni.

Nadhifu akaja mbio na mwavuli, uso umejaa tabasamu. "Umeona, mama? Hilo ndilo hema safi kuliko yote hapa kambini. Mvua ikinyesha tu, linatoa povu lenyewe!"

"Unalifua?"

"Kila Jumatatu, mwezi wa nne sasa. Maji ya moto, sabuni ya unga, na brashi ngumu. Si ndilo hema la wageni wa heshima?"

Mama Turubai akaanza kucheka. Mishono yake haina hatia! Alicheka palepale mvuani mpaka ikabidi ashike kamba ya hema asianguke, na Nadhifu akacheka naye kwa adabu, ingawa hakujua wanacheka nini. Kisha akamwambia.

"Turubai lina nta ndani yake, baba. Nta ndiyo inayofukuza maji. Sabuni inaila. Wewe umelivua hema koti, halafu ukaliacha mvuani."

Tabasamu la Nadhifu lilizimika. Akaushusha mwavuli, mvua ikamshukia. "Bosi ameapa kwamba aliyeharibu hema ataondoka na gari la mboga," alisema. "Nina miaka kumi na saba hapa. Na mimi, mama yangu, mimi ndiye niliyemwambia kwamba mishono yako imechoka."

"Ala! Kumbe ni wewe?"

Hasira zilimpanda, tusidanganyane. Neno moja tu kwenye ile meza ndefu, na jina lake lingekuwa safi kabla supu haijapoa. Lakini kila alipomtazama yule mtu mzima na shati lake lililolowa, aliona mtu aliyelisugua hema kwa mikono yake kila wiki kwa mapenzi tu, hakuna aliyemtuma. Hakujua. Na nani alimfundisha?

Jioni, mwenye kambi akaweka kijiko chini. "Mama fundi, umepata jibu?"

"Nimepata kazi. Jibu litakuja na kazi."

Ijumaa asubuhi mwenye kambi aliondoka kwenda kukagua kiwanja cha ndege, na alipopotelea tu nyuma ya vichaka, Mama Turubai akavua viatu na kukunja mikono ya gauni. Kwanza walilisuuza hema kwa maji matupu mpaka povu likakata. Likaanikwa juani hadi likakauka kabisa. Kisha ikaja zamu ya nta, na donge lake lilikuwa dogo.

"Mishumaa," alisema. "Leteni mishumaa yote ya mezani."

Mpishi, ambaye ndiye pia mlinzi wa ghala, alilalamika kama anayeng'olewa jino. "Na wageni watakula gizani?"

"Heri kula gizani kuliko kuogelea kitandani. Lete!"

Wakaisugua nta kwenye turubai, kipande kwa kipande. Nyuma ya nta zikafuata pasi mbili za mkaa, zile za kunyooshea mashati ya wageni, ili moto uiyeyushe iingie ndani ya kitambaa. Nadhifu alipanda ngazi na pasi moja, dereva akashika nyingine, mpishi akachochea makaa huku akihesabu mishumaa yake kwa uchungu. Punde mtu akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, na ngiri na wanawe wakaacha kula ili watazame. Nakwambia, kazi yenye wimbo haina mchana mrefu. Kufikia alasiri kilikuwa kimebaki kipande kimoja juu ya mlango.

Hapo ndipo mwenye kambi aliporudi. Alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mnapiga pasi nyumba?"

Wimbo ukakatika. Mama Turubai akashuka kwenye kiti alichokuwa amesimamia. "Bosi, kosa ni langu. Miaka thelathini na mbili nauza mahema, sijawahi kumwambia mtu yeyote namna ya kuyaosha. Nimeyatoa kama kumwoza binti bila kumpa neno. Yakifuliwa kwa sabuni, nta inakwisha."

"Si kosa lake!" Nadhifu alipiga kelele kutoka juu ya ngazi. "Ni mimi niliyelifua! Na mishono yake haijachoka, nilisema uongo kwa kutojua!"

"Nyamaza, baba, nimeshasema ni mimi."

"Samahani, mama, lakini ni mimi!"

"Kimya wote!" alisema mwenye kambi kwa sauti ya darasani. "Ulilifua kwa nini?"

"Kwa brashi, bosi."

"Nimeuliza kwa nini, si kwa kitu gani. Brashi ipi?"

Nadhifu akateremka, akaenda nyuma ya hema, akarudi nayo. Brashi kubwa ya manyoya magumu, na kwenye mpini imechorwa kwa kisu: *Mfanyakazi Bora*. Mwenye kambi mwenyewe ndiye aliyeichora, na ndiye aliyeikabidhi mbele ya watu wote, miezi minne nyuma, pamoja na boksi zima la sabuni ya unga na hotuba ndefu kuhusu usafi. Aliishika, akaigeuza, akasoma mwandiko wake. Mpishi aliangalia mbingu. Dereva aliangalia viatu vyake.

"Hmm," alisema mwenye kambi. "Basi hakuna anayeondoka na gari la mboga. La sivyo, itabidi niondoke nalo mimi mwenyewe."

Walicheka, lakini yeye aliinua kidole. Suala la hema lilikuwa bado. Akachukua kiti na gazeti, akaingia hema namba tatu, akafunga zipu. "Mwagieni!" Wakajaza ndoo ya bafu, moja, mbili, tatu, hadi tisa, na Nadhifu akazimimina zote kutoka juu ya ngazi kwa moyo wake wote. Mwenye kambi alitoka na gazeti kavu. Watu wakashangilia.

"Ndoo si mvua," alisema. "Ndoo tisa zina mwisho. Mvua haijui mwisho. Mimi wageni wangu siwezi kuwalaza kwenye bahati nasibu." Akaigusa barua mfukoni mwa shati. "Kesho saa mbili gari linaondoka. Mvua ikinyesha kabla ya hapo, tutajua."

Wote wakatazama juu. Mbingu ilikuwa tupu, hata wingu la dawa hakuna. Mama Turubai akaokota vipande vya nta vilivyobaki, akavirudisha kwenye mfuko wake wa kazi. Basi ndiyo hivyo, alijisemea. Kazi imeisha vizuri, na haitaonekana. Alikula kidogo, akaaga mapema, mikono inamuuma mpaka mabegani. Alipojilaza aligusa ile mishono mitatu myekundu kwenye kona, na hilo ndilo jambo la mwisho alilolikumbuka.

"Hodi, mama! Chai! Mama, hodi ya tano hii!"

Aliruka kitandani. Jua lilikuwa limeshapanda, hema zima limejaa mwanga. Akafungua zipu kwa hasira. "Ndiyo nini kuniacha nilale hivi? Saa ngapi? Gari limeondoka?"

Walikuwa wamesimama wote mbele yake. Nadhifu na trei ya chai, mpishi, dereva, na katikati yao mwenye kambi, amejifunika blanketi, masharubu yameshuka hadi kidevuni yanachuruzika maji. Viatu vyake vilikuwa madonge ya tope. Karibu naye palikuwa na kiti cha kukunja na mwavuli uliopinduka nje ndani. Uwanja mzima ulikuwa madimbwi, na wale watoto wa ngiri walikuwa wanagaagaa humo kwa raha zao.

Mama Turubai aliangalia ardhi. Akaangalia miti inayodondosha. Akamwangalia mwenye kambi.

"Kwani ilinyesha?"

"Manyunyu," alisema mwenye kambi, na tone likamtoka puani.

Dereva ndiye aliyeshindwa wa kwanza. Alikaa chini kwenye tope akicheka, na wengine wakafuata, mpaka mpishi ambaye hakuwa amemsamehe mtu kwa ile mishumaa. Walimsimulia wakinyang'anyana maneno. Mvua ilianza saa saba za usiku na haikukoma hadi alfajiri. Bosi alitoka na kiti chake, akakaa nje ya hema namba tatu, akisubiri amsikie mama fundi akiita kwamba analowa.

"Nilichosikia ni kukoroma," alisema mwenye kambi. "Saa tano mfululizo. Nimefundisha wanafunzi miaka ishirini na mitano, sijawahi kusikia usingizi kama ule."

"Na tembo alipita, mama," aliongeza Nadhifu. "Alikunywa maji ya bafu hapa hapa ubavuni mwako. Ulipokoroma, akashtuka akaondoka."

Mwenye kambi akatoa barua mfukoni. Ilikuwa imegeuka uji. Aliitupa, kisha akamkabidhi mpishi kile kitabu cha picha za rangi, kikavu, ili kiwashie moto wa mikate. "Mama fundi, mahema yangu ni haya haya. Nataka uniongezee mawili. Na ndani ya kila moja ushone kitambaa chenye maandishi: *Sabuni marufuku.*"

"Kwa herufi kubwa," alisema Mama Turubai.

"Kubwa," alikubali Nadhifu, na kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuona tope mbele yake, akaenda kuleta ile brashi ya zawadi, akapiga magoti na kuanza kusugua viatu vya bosi.

Mama Turubai alirudi ndani mara moja kuchukua shali. Godoro kavu, mto mkavu, sakafu kavu. Akasimama kwenye kona nyuma ya zipu, akaweka kidole juu ya uzi mwekundu, na machozi yakamtoka huku akicheka.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "nimelala."

Kisha akatoka nje, akakaa kwenye kiti cha bosi, akaipokea chai yake.